Pindo la Kushoto

Haisi ya Musoma ilikuwa imeshatoka stendi ya Bunda na kupinda kona, na Petronila ameshageuza kurudi nyumbani Nyasura, ndipo alipogundua kwamba chupa ya chai ya mumewe bado anayo mkononi. Punde tu Mniko alikuwa amepanda gari kama alivyokuwa akipanda tangu aumie: mgongo umekunjika mbele, mkono wa kulia umeng'ang'ania fimbo, kondakta amemshika kwapa, abiria wanasogea kumpisha. Mmoja wao alimwambia, "Pole, mzee," na Mniko hajafika hata miaka arobaini.

Petronila hakutaka chai ipotee. Madereva wa njia ile anawajua. Wakitoka stendi wanapitia kwanza kituo cha mafuta, na pale hawana haraka. Akakatiza nyuma ya maduka ya mbolea, akaruka mtaro, akatokea uchochoroni.

Gari lilikuwepo. Baadhi ya abiria walikuwa wameshuka kujinyoosha, na Mniko alikuwa mmoja wao. Alikuwa upande wa nyuma, kando ya ukuta wa kituo, peke yake. Fimbo ameibana kwapani kama askari wa gwaride, kichwa juu, kifua mbele, anatembea. Alikwenda mpaka mwisho wa ukuta akageuka, akarudi vilevile, amenyooka kama nguzo ya umeme. Dereva alipopiga honi, Mniko alitazama huku na huku, akaishusha fimbo, akajikunja, akapanda garini akiwa mgonjwa tena.

Petronila hakumwita. Alisimama na chupa yake mpaka gari likapotea, kisha akaifungua, akaimwaga ile chai chini, akaenda zake.

Mniko alikuwa mpakiaji kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapo Bunda. Msimu uliopita robota la pamba lilichomoka juu ya mengine likampiga mgongoni akiwa ameinama kufunga kamba. Hakuvunjika. Hilo ndilo lililomponza, maana picha zilionyesha mifupa mizima, na mtu mwenye mifupa mizima akilalamika, watu wanamtazama mara mbili. Kiwanda kilikubali kumlipa nusu mshahara na kumgharimia mazoezi ya mgongo Musoma mpaka kamati ya kiwanda ikae. Kamati ikiona bado mgonjwa, ataendelea kutibiwa, na akirudi atapewa kazi ya kukaa pale mizani. Ikiona amepona, arudi kubeba. Na ikiona alikuwa anadanganya, aende zake.

Kwa hiyo ilikuwa kama Bunda nzima imeajiriwa kumwangalia Mniko anavyotembea. Eliasi, afisa utumishi wa kiwanda, alikuwa anapita Nyasura na pikipiki bila shughuli yoyote, anapunguza mwendo akifika usawa wa nyumba yao. Wapakiaji wenzake walikuwa wanakuja kumjulia hali, huku macho yao hayatoki kiunoni mwake. Na Yuliana, jirani yao, ambaye ua wake na wa kwao ulitenganishwa na mstari wa minyaa tu, alikuwa haishiwi maneno.

"Shemeji, leo naona umeinama kidogo kuliko jana," alikuwa anasema. "Au jana ndiyo ulizidisha?"

Wa kumjibu Yuliana siku zote alikuwa Petronila. Alikuwa anashona barazani, cherehani yake inatazama njia, na hapakuwa na neno lililopita bila yeye kulirudisha lilikotoka. Alimwambia Yuliana mgongo haupimwi kwa macho ya umbea. Aliwaambia wapakiaji wanaotaka kukagua mizigo waende ghalani. Lakini siku ile aliporudi kutoka kituo cha mafuta, alikaa kwenye cherehani akaunga mkono wa shati ya shule ndani nje, na Yuliana alipochokoza hakupata jibu.

Mambo aliyokuwa ameyapita yakaanza kumrudia moja moja. Tangu aumie, Mniko alilala na fulana. Alioga mwenyewe, mlango amefunga kwa ndani, yeye ambaye zamani alikuwaga anamwita mkewe amsugue mgongo. Akitoka Musoma alinukia mafuta ya kuchulia. Petronila aliwahi kumuuliza nani anamfanyisha hayo mazoezi.

"Kuna daktari."

"Mwanaume?"

"Daktari tu, Mama Nyamburi. Daktari ana jinsia gani?"

Hata shati zake zilikuwa zimemchokoza. Wiki zile za mwanzo Petronila aliona kila shati ya mumewe pindo la kushoto linaning'inia chini kuliko la kulia. Alidhani mkasi wake umemdanganya, kisha akadhani ni kamba ya kuanikia. Fundi ambaye mumewe anatembea na pindo la upande, wateja wanakimbia. Basi alimsimamisha Mniko mlangoni, akabana pini, akaondoa vidole viwili upande wa kushoto, akashona upya. Alifanya hivyo shati zote. Pindo likalala sawa, akaridhika.

Sasa hakuridhika na chochote. Akaanza kumjaribu. Aliacha kiberiti chini ya kiti ili Mniko akiokote, Mniko akamwita mtoto wao Nyamburi. Alisogeza kinu katikati ya njia ya chooni, Mniko akazunguka mbali. Jioni moja, Mniko akiwa ameketi uani amempa mgongo, Petronila alisema kwa sauti kwamba kuna nyoka miguuni pake. Mtu yeyote angeruka. Mniko hakuruka. Aligeuka taratibu, mwili mzima kwa pamoja kama kabati linalosogezwa, uso umepauka, akauliza, "Yuko wapi?"

Mke aliyemwamini mumewe angeona pale maumivu. Petronila aliona mtu aliyejiandaa.

*

Alimpigia simu baba yake, Butiama. Hakumweleza yote. Alimwambia tu aje amtazame mkwewe, maana yeye macho yamemchanganya.

Baba yake, Baltazari, alikuwa mwalimu mstaafu. Ukisema Mwalimu tu kule Butiama watu wanamfikiria mwingine, kwa hiyo yeye walimwita Mwalimu Viungo. Maisha yake yote alifundisha mazoezi ya viungo, gwaride na halaiki. Alikuwa amesoma chuo enzi ambazo mkufunzi alitundika ukutani picha ya mtu amesimama ubavu, na mstari umeshuka kutoka sikioni, ukapita begani, nyongani, gotini, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mkufunzi wao aliipata picha hiyo kwa sajini mmoja wa zamani za Mwingereza, na yule sajini haijulikani aliipata wapi. Fundisho lilikuwa kwamba mwili ulio sawa unaonekana, na usio sawa unaonekana vilevile, hakuna haja ya kumuuliza mwenye mwili.

Baltazari aliondoka chuoni na timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma wanayotumia waashi. Kila muhula aliitundika kwenye boriti ya darasa, akawapitisha watoto mmoja mmoja bila shati, wasichana kwa shimizi, akawaandika kwa chaki begani: A, B, C. Wenye C walibaki juani kunyooshwa. Petronila alisoma shule hiyohiyo na alikuwa A. Alikumbuka msichana mmoja wa Busegwe ambaye kila muhula alikuwa C, akatembezwa na matofali kichwani mpaka akaacha shule. Walikuwa wanamcheka. Baadaye ulisikika uvumi kwamba alikuwa na ugonjwa wa mifupa, na uvumi ukaisha kama unavyoisha.

Mzee alifika na koti lake la suti, na timazi mfukoni. Alipewa kiti, akapewa maji, akala ugali wa muhogo na sato bila kusema jambo. Mniko alikaa mbali kidogo, ameinamisha macho, kama inavyompasa mkwe. Baada ya chakula mzee alisimama, akafunga timazi kwenye kenchi la baraza.

"Mniko mwanangu, njoo usimame hapa. Vua shati."

Mniko hakusogea. Kwa watu wa kule, mkwe hamvulii mkwewe shati. Hata akifa, wakwe hawaoshi maiti yake. Petronila alilijua hilo, na baba yake alilijua kuliko wote.

"Baba, hilo sitaweza," Mniko alisema.

"Hapa mimi si mkwe. Hapa mimi ni mwalimu."

"Hata ukiwa mwalimu, baba, huyu aliyesimama mlangoni ni binti yako, na ni mke wangu."

Miaka yote ya kazi yake mzee alikuwa hajapata kukataliwa na mtu ambaye hana cha kuficha. Akasema basi, abaki na shati, ila atembee. Mniko akatembea na fimbo yake kutoka baraza mpaka minyaani, akarudi. Mzee akamwambia tena. Akaenda tena. Mzee alichuchumaa, akafumba jicho moja, akamtazama kwa nyuma kupitia ile kamba. Yuliana alikuwa ameshafika minyaani na ungo ambao hauna kitu.

"Mnadani hivi ndivyo wanavyofanya," alisema. "Bado kumfungua mdomo wamhesabu meno."

Mniko alisikia. Aliendelea kutembea, jasho linamtoka, mpaka mzee akamwambia inatosha.

Mwalimu Viungo hakuwa na ubaya wowote. Alisema alichokiona, na alikisema kwa sauti yake ya uwanjani, ambayo hakuwa na nyingine. Alieleza kwamba mabega ya mtu mwenye fimbo hayana ushahidi, hayo anayaacha. Lakini mgongo ulioumia kweli haumkunji mtu mbele tu, unamvuta upande mmoja. Ndiyo sababu alitazama pindo la shati dhidi ya kamba. "Na pindo limelala sawa," alisema. "Limelala sawa kama maji kwenye karai. Huyu anainama kwa mbele, na kuinama kwa mbele kila mtu anaweza. Hata mimi hapa naweza."

Akainama kuonyesha, akasimama.

Mniko aliingia ndani, akafunga mlango. Petronila alimsindikiza baba yake mpaka stendi, na njiani mzee alimwambia binti yake asiwe na haraka, kuna wanaume wanaochoka kubeba mizigo na hawajui kusema wamechoka. Katika maneno hayo Petronila alisikia moja tu, kwamba mumewe si mgonjwa.

*

Siku mbili tatu baadaye Eliasi hakupita tu na pikipiki. Alisimama. Alikuwa na suruali ya kupunguza miguu.

Petronila alipiga magoti kumbania pini, na Eliasi akaongea juu ya kichwa chake. Aliulizia mtoto, akaulizia mzee wa Butiama, akasema amesikia mzee ana jicho kali. Alisema yeye binafsi anampenda Mniko, ni mchapakazi, ila pale kiwandani wapo wengine walioumia na hela ya matibabu ni moja. Ikiliwa na mtu mzima, mgonjwa wa kweli anakosa. Halafu akauliza kama vile anauliza urefu wa suruali.

"Mama, wewe ndiye unalala naye. Anainama kweli?"

Petronila alikuwa na pini mdomoni. Angeweza kuziacha palepale, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kutojibu. Akazitoa.

"Mimi nimemwona amenyooka," alisema. "Pale kituo cha mafuta, akienda Musoma. Fimbo kwapani."

"Amenyooka kabisa?"

"Kama wewe ulivyosimama."

Eliasi alimshukuru. Aliporudi kuchukua suruali alilipa zaidi ya bei na hakungoja chenji, na Petronila hakumfuata kumrudishia. Yuliana aliona.

Zamu ya Musoma iliyofuata Petronila alimwacha Nyamburi kwa jirani yuleyule, akapanda gari la nyuma ya lile la mumewe. Alikuwa ameshapanga atakachomwambia huyo daktari asiye na jinsia. Aliposhuka stendi ya Bweri, Musoma, alichukua bajaji mpaka hospitali, akaulizia mazoezi, akaonyeshwa chumba cha mwisho, ambacho dirisha lake linatazama ziwa na mawe.

Hakuingia. Alitazama dirishani kwanza. Ndani kulikuwa na kioo kirefu kama cha duka la nguo, na mumewe amesimama mbele yake bila shati. Nyuma yake mwanamke kijana, mwenye koti jeupe na nywele fupi, ameweka mkono mmoja begani kwake na mwingine kiunoni. Petronila alivuta pumzi ili aanze. Ndipo macho yake yakashuka mgongoni mwa mumewe.

Ule mgongo hakuwa ameuona tangu robota limpige. Mfereji wa katikati, ambao kwa watu unashuka moja kwa moja, kwa Mniko ulishuka, ukafika chini ya mbavu, ukakata kona kwenda kushoto kama njia ya ng'ombe inayokwepa jiwe. Nyama za upande mmoja zilikuwa zimevimba na kukaza, za upande wa pili zimelala. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekunjika. Kiwiliwili kizima kilikuwa kimekaa pembeni ya miguu yake, kama bakuli lililowekwa vibaya juu ya jingine.

Vidole viwili, Petronila alifikiri. Niliondoa vidole viwili.

Mniko alimwona kwenye kioo. Aliinua mkono kutafuta shati, ikawa mbali, na yule mwanamke akampa. Alikuwa anaitwa Dorkas, na kumbe siku nyingi alikuwa anamwambia Mniko aje na mkewe, maana mazoezi ya nyumbani yanataka mtu wa kumtazama. Alimkaribisha Petronila bila kujua amekaribisha nini. Alimweleza kwamba mwili ukiumia unajikunja kujilinda, na ukiachwa hivyo unazoea, unasahau ulikokuwa. Dawa ni kuunyoosha kidogo kidogo mbele ya kioo, mpaka macho ya mgonjwa yaufundishe. Kwa hiyo Mniko ameagizwa kila siku atembee amenyooka kwa umbali mfupi, hata kama anaumia, kisha alale chali sakafuni mpaka maumivu yapungue.

"Nyumbani anatembea anavyotakiwa?" Dorkas aliuliza.

Petronila alimtazama mumewe. Mniko alikuwa anafunga vifungo.

"Anatembea," Petronila alisema.

Walikaa kwenye mawe nje ya hospitali kungoja jua lipungue, na hapo Mniko akaongea, akitazama maji. Alisema akinyooka Bunda, Eliasi atamwona, na mtu aliyenyooka anarudishwa kwenye marobota. Akiinama, Dorkas anasema anajiharibu. Kwa hiyo ananyooka Musoma na anainama Bunda, na pale kituo cha mafuta anafanya mazoezi yake kwa sababu hapo hakuna wa kiwandani.

"Kwa nini mimi hukuniambia?"

"Wewe unawajibu watu, Mama Nyamburi. Ningekwambia, ungemjibu Yuliana." Akaongeza, "Halafu sikutaka uone. Wa kumwonea haya si baba yako peke yake."

Huo ulikuwa wakati wa kumwambia kuhusu suruali ya Eliasi. Petronila alifungua kinywa, akamuuliza kama ana njaa.

Kesho yake alikwenda kiwandani peke yake, akamngoja Eliasi getini, akamwambia alichosema hakukisema vizuri. Alieleza kioo, alieleza mgongo, alieleza pindo. Eliasi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa. Alimwambia anaelewa, mke lazima arudi upande wa mumewe, hata yeye angekuwa mwanamke angefanya hivyo. Suruali, alisema, imemkaa vizuri sana.

*

Kamati ilikaa asubuhi, kwenye baraza la ofisi ya mizani. Petronila alipiga pasi shati nyeupe. Alitafuta kwanza shati ambayo hakuigusa na mkasi, hakupata, shati zote alishazisawazisha. Njiani, walipokaribia geti, Mniko alisimama.

"Nitembeeje?"

Petronila hakuelewa mara moja.

"Nikinyooka, ni mzima," Mniko alisema. "Nikiinama, ni muongo. Niambie wewe. Nitembeeje?"

Alimuuliza hivyo akimwamini, na kuaminiwa huko kulimuuma Petronila kuliko kama angempiga. Alifikiri haraka. Uongo umewafikisha hapo, basi wajaribu ukweli. Mwenye macho ataona maumivu, ataona jasho, ataona meno yalivyoumana.

"Tembea kama Dorkas alivyokufundisha," alimwambia. "Wataona."

Meneja alikuwepo, na Eliasi, na mzee mmoja wa wafanyakazi ambaye alikuwa anasinzia. Waliisoma taarifa ya hospitali. Ilisema mgonjwa anaendelea vizuri na asikatize mazoezi. Meneja alirudia yale maneno mawili, anaendelea vizuri, akayarudia tena, akamwambia Mniko atembee mpaka kwenye ukuta wa ghala na kurudi.

Mniko alimpa mkewe fimbo. Akainua kichwa, akatoa kifua, akatembea. Wasichana wa mizani waliacha kazi wakamtazama. Hajapata kutembea vizuri vile tangu aumie, na Petronila aliona kila hatua ilivyomgharimu, kwa sababu sasa alijua pa kutazama. Lakini jua lilikuwa kali na kila mtu pale alikuwa anatoka jasho, meneja mwenyewe alikuwa anajifuta na leso. Mniko aligeuka ukutani, akarudi, akasimama mbele yao. Pindo la shati lilikuwa limelala sawa.

"Hongera," meneja alisema. "Kwa kweli hospitali imefanya kazi."

Petronila alitoka kivulini akaomba ruhusa. Alisema mumewe avue shati, wamwone mgongo, hapa si kwa mkwe, avue tu. Mniko alishaanza kufungua kifungo cha juu.

"Mama, hapa si hospitali," meneja alisema, na wasichana wa mizani wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mkono wa Mniko ulibaki kwenye kifungo.

Halafu Eliasi, kwa upole wake uleule, akamweleza meneja kwamba jambo hili halihitaji kusumbuana. Mzee wa mkewe, mwalimu mzoefu wa mambo ya viungo, alishamkagua na kuona hana kitu. Na huyu mama mwenyewe alimwona amenyooka siku nyingi zilizopita, akaja akasema kwa hiari yake, jambo ambalo kiwanda kinamshukuru.

Mniko hakumtazama Eliasi. Alimtazama Petronila, muda mrefu kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Meneja akasema arudi kazini Jumatatu, kwenye kupakia, na akishindwa, basi ajue mwenyewe. Mniko akaitikia. Akafunga kifungo chake, akaondoka bila kuomba fimbo, amenyooka, akapita wasichana wa mizani, akapita walinzi, akatoka getini. Alinyooka mpaka alipopinda nyuma ya ukuta, ambako hakuna aliyemwona ila mkewe aliyekuwa anamfuata na fimbo. Hapo alishika ukuta, akashuka nao taratibu mpaka chini.

Petronila alimpa fimbo. Aliipokea.

*

Mniko alirudi kupakia Jumatatu na hakufika Ijumaa. Kiwanda kilihesabu ameacha kazi. Musoma hakwenda tena. Mgongo ulibaki pale ulipokuwa umefika, na sasa haumuumi sana akiwa amekaa. Anauza vocha na maji ya chupa karibu na stendi. Hainami mbele tena, maana hana wa kumwinamia. Amelalia kushoto tu, na watu wa Bunda wameshazoea, wakielekeza mtu njia wanasema pita pale kwa yule aliyelala upande.

Eliasi alihamishiwa Shinyanga. Meneja bado yupo. Yuliana alihama Nyasura akajenga Kiabakari, na siku ya kuaga alilia sana.

Mwalimu Viungo aliambiwa na binti yake habari ya vidole viwili. Aliuliza kama alipima kwa tepu au kwa macho, akaambiwa kwa macho. Timazi alimpa fundi mwashi aliyekuwa anajenga choo cha kanisa. Mwaka uliofuata alianguka akiwa anatoka misa na sasa anatembea kwa mikongojo miwili. Mkwewe huenda kumwona Butiama, wanakaa kwa kuachana nafasi, wanaongea habari za mvua.

Dorkas bado ana kioo chake Musoma. Nyamburi yuko darasa la tatu. Mwalimu wa zamu aliwahi kuita wazazi kwamba mtoto anasimama upande mstarini. Walipompeleka hospitali hakuonekana na kitu, anamwiga baba yake.

Petronila bado anashona barazani. Suruali ya Eliasi yeye na mumewe hawajapata kuitaja. Mniko bado analala na fulana. Shati zake Petronila anamshonea mwenyewe, na pindo la kushoto halikati tena. Analiacha lining'inie.